Breki ya rimu au ya habu: nilichomfanyia fundi Anastazi wa Mabira

Wakuu, habari za asubuhi. Walionizidi umri, shikamooni.

Naandika nikiwa na hasira, mnivumilie. Nitakayosema ni kweli tupu, na sehemu kubwa inaniaibisha mimi mwenyewe.

Jana kuna kijana kaleta uzi humu. Anataka baiskeli ya trial, zile za kurukia mawe, anauliza achukue yenye breki za diski au yenye raba za kubana rimu. Swali la maana kabisa.

Mkamjibu nini? "Breki ni breki tu dogo, angalia rangi." Mkacheka kurasa mbili nzima.

Rangi! Mimi niliangalia rangi. Mtu akafukuzwa kijijini kwa ajili ya breki zangu, na mimi nilikuwa najua hana kosa.

Twende taratibu.

Ni katikati ya miaka ya themanini, Mabira, enzi ambazo Kyerwa yote bado ni wilaya ya Karagwe. Nilikuwa na baiskeli iliyochakaa, lakini gurudumu la nyuma lilikuwa na breki ndani ya habu, pale katikati zinapokutana spoki. Unarudisha pedeli nyuma, inasimama. Mvua inyeshe, tope lipande mpaka kwenye keria, inasimama.

Tatizo ilikuwa na kutu, na mimi nilikuwa naenda kuposa Kaisho.

Kijana anaendaje ukweni na chuma chenye kutu? Wakati huo hata kipande cha sabuni unakitafuta kwa tochi, lakini jamaa mmoja alikuwa na magurudumu mawili mapya pamoja na breki zake za raba, yamepita njia za panya kutoka Uganda. Rimu zinang'aa mpaka unajiona meno. Nikampa mbuzi jike, nikayapeleka mbio kwa fundi.

Fundi wetu aliitwa Anastazi. Wazazi wake walivuka kutoka Rwanda yeye akiwa mgongoni. Alikulia Mabira, alibatizwa Mabira, na bado watu walimwita "mtu wa kuja". Asubuhi analima kibarua kwenye migomba ya watu, mchana anatengeneza baiskeli barazani kwa mwenye duka.

Akayageuza yale magurudumu, akatikisa kichwa.

"Kaka Deo, hii yako ya zamani inashikia ndani, haijui tope wala mafuta. Hizi zinashika rimu. Rimu ikichafuka, umekwisha. Wewe unakaa mlimani, bakia na hii."

Nikamwambia afunge alichoambiwa.

Akafunga. Na alifunga vizuri! Alijaribu mwenyewe kwenye mteremko wa shule mara tatu. Aliponikabidhi akasema, "Basi angalau rimu usizipake kitu chochote. Zifute kwa kitambaa kikavu tu."

Sasa hapa ndipo damu yangu inapochemka.

Siku ya safari niliamka nikamkuta baba yangu, Tata kama tunavyomwita kwetu, amechuchumaa mbele ya baiskeli na kibuyu cha samli. Tata alipaka samli kila kitu alichokiheshimu: fimbo yake, kigoda chake, ngozi yake mwenyewe siku za misa. Sasa anapaka baiskeli ya mwanawe anayekwenda kuoa. Anapaka fremu, anapaka usukani, anapaka rimu kwa kidole, polepole, huku anaimba.

Niliona, wakuu. Maneno ya fundi yalikuwa bado masikioni.

Nikanyamaza. Kwetu baba akiwa katika furaha yake humwambii "acha". Nikajidanganya kwamba itakauka njiani.

Tata akapanda kwenye keria na kanzu yake nyeupe na galoni la rubisi, pombe yetu ya ndizi, mapajani. Tukateremka kuelekea Kaisho.

Nilibana breki mpaka vidole vikafa ganzi. Raba zinateleza tu. Tata anasema, "Punguza, punguza," halafu akaacha kusema.

Tulitua kwenye mtaro wa shamba la migomba. Mimi nilichunika. Tata alivunjika paja, wakamrudisha nyumbani kwa machela, wanaume kumi na wawili wakipokezana.

Kabla hajafika kitandani hukumu ilishatoka: breki kafunga yule mtu wa kuja.

Kesho yake alfajiri nikagusa rimu, nikanusa kidole. Samli. Nikaingia kwa Tata tukiwa wawili tu.

"Tata, breki zilikuwa nzima. Ni samli."

Tata akajiinua kwa kiwiko.

"Samli hiyo ndiyo iliyowalea. Unataka nchi nzima iseme Kamugisha alijivunja mguu kwa mkono wake? Chukua majivu, ukaioshe."

Nikachukua majivu. Nikaosha rimu zote mbili, nikasuuza, nikaanika juani. Mtu mzima mwenye akili zangu!

Mchana balozi wa nyumba kumi akaita watu pale dukani. Anastazi hakulia wala hakubishana. Aliomba kitu kimoja tu, aione baiskeli. Wakaileta. Akapitisha kidole kwenye rimu, akakinusa, akaniangalia.

"Umeiosha?"

"Nimeiosha."

Hakuna mwingine aliyeelewa tulichoongea.

Balozi akanigeukia. "Deo, mwenye baiskeli ni wewe. Breki ilikuwa nzima au mbovu?"

Wakuu, neno moja tu lilihitajika. Nikatazama chini, nikasema, "Sijui."

Wakatupa vifaa vyake barabarani. Wenye migomba wakamnyima vibarua, mwenye duka akamfungia baraza. Haikupita wiki, akaondoka na mkewe na mtoto, spana zake ndani ya kikapu. Nikasikia wameelekea Kihanga.

Asubuhi waliyoondoka nililikuta gurudumu langu la zamani, lile nililoliacha kwa fundi, limeegemezwa kwenye kichanja cha kahawa nyumbani. Kutu imesuguliwa yote. Habu imefunguliwa, imesafishwa, imetiwa grisi mpya. Hakuna barua, hakuna salamu.

Nikalifunga mwenyewe. Nimelitumia mpaka miaka ya tisini, nikabeba kahawa, ndizi, mke, watoto. Halikuwahi kuniangusha hata siku moja, na kila lilipokamata nilijitukana.

Tata alichechemea hadi mwisho wake, anatembelea fimbo ile ile ya samli. Sikumtaja Anastazi mbele yake tena. Nilimpenda baba yangu, na kwa hilo namkasirikia mpaka leo. Mimi mwenyewe ndiyo usiseme.

Kihanga nilienda mara mbili. Mara zote nilifika sokoni, nikanunua maharage, nikarudi.

Sasa wewe kijana wa trial, sikia. Ukichezea mahali pakavu na rimu ni safi, za raba zitakushika vizuri tu, na ni nyepesi. Ukienda kwenye tope na mvua, chukua diski, inashika katikati ya gurudumu, mbali na uchafu. Ila nayo ukiipaka mafuta itakutupa vilevile, usije ukaipendezesha. Na anayekwambia breki ni breki, mkalishe kwenye keria umteremshe Mabira.

Mnaotaka kunitukana, karibuni, sijibu.

Ila kama humu kuna mtu wa Kihanga, na anamjua mzee fundi baiskeli anaitwa Anastazi, au wanawe, naomba anifikishie jibu la swali ambalo balozi aliniuliza nikashindwa.

Mwambieni breki ilikuwa nzima.