Harusi ya Yule Kijana wa Suti

Nyinyi mliokulia mtaani Skuta wakati TV moja ilikuwa ya ploti nzima, sogeeni karibu niwakumbushe. Watoto wetu wakituuliza tulikuwa tunacheza nini, tunawatajia kati, bano na brikicho, nao wanatuangalia kwa huruma kama watu waliolelewa msituni. Leo nataka waambiwe ukweli. Sisi pia tulicheza gemu. Tena gemu ya Japani, ya majambazi, yenye mji mzima ndani yake, na hata neno moja la hiyo gemu hatukulielewa.

Baba alikuwa fundi wa magari mjini Nyeri. Magari mengi yaliyopita mikononi mwake yalikuwa yametoka Japani yakiwa yametumika, na ndani yake hamkukosa vitu vilivyosahaulika: mwavuli, kanda za muziki, kiatu kimoja cha mtoto. Siku moja, chini ya tairi ya spea, akakuta mashine ya gemu imefungwa kwenye taulo, na CD moja tumboni mwake. Mwenye gari akasema hana haja na vitu vya watoto. Basi ikaja kwetu. Lakini ile mashine ilikuwa na madeko, jameni! Stima yetu ilikuwa kali mno kwake, ikabidi Baba aitafutie transfoma yake ndogo, nayo ilinguruma kama paka ukiiwasha. CD tulizoazima mtaani ilizikataa katakata. Ilitaka ile yake moja tu. Kwa hivyo wakati watoto wa ploti zingine walikuwa wakicheza kandanda na mbio za magari, sisi tulikuwa na kijana mmoja wa suti, basi.

Mnakumbuka baridi ya Julai? Ule ukungu unaoshuka ukakaa kwenye ua mpaka nguo zilizoanikwa zinarudi ndani zikiwa maji kuliko zilivyotoka? Hiyo ndiyo iliyokuwa hali yetu ya kucheza gemu. Tukitoka shule tulivua viatu mlangoni, tukaketi sakafuni mbele ya ile TV ya ploti, maana ilikaa kwetu, na masweta yetu ya shule, sufuria ya githeri ikichemka kwenye jiko la makaa, mlango ukiachwa wazi kidogo ili moshi utoke. Mimi, ndugu yangu mdogo Kamau, na Otieno wa nyumba ya pili. Baba yake Otieno alikuwa polisi, watu wa Siaya, na Otieno alikuwa ameishi Skuta muda wa kutosha kujua Kigikuyu cha matusi, cha salamu bado. Na nyuma yetu, kwenye kiti cha pekee chenye mto, alikaa Cucu, nyanya yetu, mama yake Baba, aliyeletwa kutoka shambani Tetu kwa sababu mguu wake ulikuwa umekataa kazi.

Cucu ndiye aliyetueleza ile gemu ilihusu nini. Mwanzoni tulikuwa tunabonyeza tu. Kijana wa suti anatembea mjini, taa za kila rangi, watu wanamvamia, anawapiga kwa ngumi, kwa baiskeli, kwa kiti, kwa chochote. Halafu ghafla watu wanaanza kuongea, na wakianza hawaishi. Siku moja yakatokea mazungumzo marefu kuliko yote. Wazee wameketi chini kwenye mikeka, mmoja katikati akiwa na nguo pana kama ya askofu. Kijana akapiga magoti, akainama mpaka paji la uso likagusa sakafu. Mzee akamimina kinywaji kwenye kikombe kidogo, akanywa, akampa kijana naye akanywa. Bahasha ikawekwa mezani. Mzee akaiangalia, akaisukuma mbali, akapiga kelele. Na kwa nyuma, kando ya mlango, msichana amesimama akilia.

Cucu akaacha kufuma. "Hii ni ruracio," akasema. "Huyu kijana amepereka mahari, na huyu mzee amesema ni kidogo. Ona vire amekasirika! Hata kwetu iko wazee kama hawa."

Haki ya Mungu, kila kitu kikakaa mahali pake. Msichana ni bibi harusi. Mzee wa nguo pana ni baba mkwe, mtu wa tamaa. Wale wanaomvamia kijana barabarani ni wezi, wamesikia ana pesa za mbuzi. Na ule mji wote uliojaa mambo ya kufanya, ambao ulikuwa umetuchanganya kabisa, sasa ulikuwa na maana: kijana anahangaika kutafuta mahari. Ndiyo sababu anavua samaki bandarini. Ndiyo sababu anapiga mpira kwa rungu. Ndiyo sababu anaangusha chupa kwa mpira mzito mpaka mwenyewe anampa zawadi. Kuimba tulishindwa kueleza, maana alikuwa anaingia kwenye chumba kidogo, anashika maiki na kulia machozi akiimba, lakini Cucu alisema mwanaume mwenye mapenzi akiimba usimuulize.

Hapo sasa kila mtu akachukua kazi yake. Kamau alikuwa wa samaki, na usingemtoa bandarini hata kwa kiboko. Mimi nilikuwa wa kuimba, sauti ya kijana ikiwa mbaya ni mimi nimechelewa kubonyeza. Cucu hakuwahi kushika padi ya kuchezea, ila ndiye aliyekuwa mkubwa wetu. Kijana hakuruhusiwa kupigana bila kula. "Amekura?" anauliza. Tukisema bado, basi tunageuka, tunampeleka kwa yule mzee wa tambi kwenye kona, anakula bakuli zima, Cucu anatikisa kichwa kwa kuridhika. Siku kijana alipovua shati ili apigane, mgongo wake ukaonekana umechorwa maua na ndege kila mahali, Cucu akashtuka, kisha akasema, "Kumbe ndani iko na shati ingine ya maua." Tulicheka mpaka Kamau akamwaga uji.

Na Otieno alikuwa wa kupigana. Hakuna aliyekuwa na vidole kama vyake. Sisi wengine tukikutana na watu watatu tunaanza kupiga nduru, yeye alikuwa anapita katikati yao akiongea na Cucu habari za shule. Kila hatua ya hadithi ilisogea kwa mikono yake, na ilisogea pole pole, kwa sababu kabla ya kila vita kulikuwa na samaki, nyimbo na tambi.

Sasa sikieni. Shule ilipokaribia kufungwa, baba yake Otieno akapata uhamisho. Polisi hawaulizwi kama wanapenda. Lori lingekuja Jumamosi, wapakie vitanda na kuku, waende. Mimi nilikuwa nimemzoea Otieno kiasi kwamba nilikasirika badala ya kulia, nikawa namjibu vibaya wiki nzima. Lakini aliyeumia zaidi alikuwa Cucu. "Na huyu kijana wa suti," aliuliza, "nani atamuozesha?" Alikuwa amengoja harusi hiyo kwa miezi. Mguu ulikuwa haumruhusu tena kwenda harusi za watu. Aliitaka hii, na sote tulijua kwamba Otieno akiondoka, kijana hatafika kwa baba mkwe milele.

Wiki hiyo samaki wakapumzika. Otieno alipigana kila jioni kabla ya chakula, jasho likimtoka kwa baridi ile. Jumamosi asubuhi akaja vitu vyao vikiwa bado vinafungwa kamba, akapigana mara ya mwisho, na tukafika. Lango kubwa jekundu, ngazi za mawe, na juu kabisa nyumba ya mzee wa nguo pana. Walinzi wote walikuwa wamelala chini. Kilichobaki ni kusukuma mlango.

Nikageuka kumwita Cucu. Alikuwa ameshatoka chumbani. Alikuwa amevaa sweta lake jipya, kitambaa cheupe cha akina mama wa kanisa kichwani, na viatu, yeye ambaye mguu wake ulikuwa umefura hata kandambili zilimkataa. Akaketi, akaweka mikono mapajani. "Haya," akasema. "Ingieni."

Otieno alimwangalia Cucu. Akaangalia mlango. Kisha akaiweka padi chini.

"Cucu," akasema, "huyu kijana hajaalika watu."

Mimi nikamrukia. "Otieno, wewe ni wazimu? Lori inakuja!"

"Harusi gani hiyo bila watu?" akasema, bila kuniangalia. "Ataingia peke yake kama mwizi? Yule mzee wa tambi amemlisha siku zote, si hata aambiwe?"

Na nyinyi mnajua watu wetu na mambo ya kualikwa. Mtu wa huku anaweza kukusamehe deni, lakini asikie ulifanya sherehe na hukufika kwake kumwambia kwa mdomo wako! Cucu akapiga makofi. "Huyu mtoto iko na akiri kuriko nyinyi wote. Rudisheni yeye chini."

Basi kijana wa suti akashuka ngazi zote tulizozipigania. Tukaenda kwa mzee wa tambi, akala, na Cucu akamwambia mzee kwa Kigikuyu aje na mke wake. Tukaenda bandarini, Kamau akavua samaki wa karamu. Tukaenda kwenye chumba cha kuimba, nikaimba, kwa mara ya kwanza nikabonyeza vizuri mpaka mwisho. Tukapita kwa watu wa rungu, kwa watu wa chupa, kwa mama mmoja muuza maua ambaye hatukuwahi kumsalimu. Kila mlango Otieno alisimama kidogo. Alikuwa na mwendo wa taratibu siku hiyo. Hasira zangu ziliishia hapo njiani. Nilitamani mji ule uongezwe barabara.

Lori likapiga honi tukiwa bado tunaalika. Otieno akanipa padi, akamsalimia Cucu kwa mikono miwili kama mtu mzima, Cucu akamfungia ngwaci, viazi vitamu vya moto, kwenye gazeti ale njiani. Akaenda. Cucu alikaa na kitambaa chake kichwani hadi jioni, lakini alikuwa na furaha.

Sisi tulijaribu baadaye. Kumbe tulipomrudisha kijana langoni walinzi walikuwa wamesimama tena, na hakuna aliyeweza kuwapita. Tulipigwa mpaka tukachoka. Cucu ndiye aliyetukataza. "Muache yeye," alisema. "Alishaoa. Watu wakikwisha kuoa wanafunga mlango." Baadaye kidogo binamu yetu kutoka Sagana alichomeka mashine ukutani bila transfoma, tukasikia harufu, na huo ukawa mwisho wake. Cucu alitutoka miaka kadhaa baadaye. Hata alipokuwa mgonjwa alikuwa akiuliza, kwa mzaha na si kwa mzaha, kama wale wa Japani wamepata mtoto.

Sasa nina kijana wangu, Mugo. Yeye ana gemu nyingi kuliko nguo. Anacheza peke yake, masikio yameziba, ukimwita chakula lazima umguse bega. Watu ndani ya gemu wakianza kuongea anabonyeza wanyamaze. Akikwama dakika mbili anafungua simu aonyeshwe njia na mtu asiyemjua. Na samaki havui, ati ni kupoteza wakati! Nimemwambia kwamba kwetu samaki ndio waliokuwa gemu, akanipa yale macho ya huruma.

Mwezi uliopita nilipita nyuma yake na kikapu cha nguo, nikaona suti. Nikaona kona ya tambi. Ilikuwa ile gemu yetu, imerudishwa upya, picha safi, maneno yote kwa Kiingereza. Niliketi chini na nguo zangu. Jumapili alikuwa ameimaliza, na akanieleza mezani huku akitafuna. Yule mzee alikuwa mkubwa wa genge. Kikombe kilikuwa kiapo. Bahasha ilikuwa ya kujitoa gengeni. Msichana alikuwa dada yake kijana, aliyeshikwa kama rehani. Na nyuma ya mlango ule? "Wanauana, mum. Karibu wote. Iko poa sana."

Chakula kilinishinda. Nilimfikiria Cucu na harusi yake.

Nikampigia Otieno. Siku hizi ni mwalimu huko Siaya, ana kitambi na mabinti, na huwa tunasalimiana sikukuu kwa sikukuu. Nikamwambia tulidanganyika, kwamba mzee hakuwa mkwe, kwamba hakukuwa na harusi yoyote. Nilitarajia ashangae. Akaanza kucheka pole pole.

"Wairimu, mimi nilijua."

"Ulijua aje?"

"Baba alikuja kuniita siku moja, akasimama mlangoni kwenu akaangalia. Tulipofika nyumbani akaniuliza kama nyanya yenu anajua hao ni majambazi. Akanieleza yote. Akaniambia mtu kama huyo akirudi kwa mkubwa wake, mwisho ni damu tu."

"Na hukutuambia?"

"Ningeanzia wapi? Cucu alikuwa ashawachagulia watoto wa yule kijana majina."

Nikacheka, na machozi yakinitoka. Kwa hivyo alipigana wiki nzima kutufikisha, kwa sababu tulimwomba, akijua hawezi kuingia. Sasa yeye hakuwa anacheka tena.

"Ile Jumamosi," akasema, "nilichukia hiyo lori kuliko kitu chochote. Lakini tulipokuwa tunaalika watu, nilikuwa naomba Mungu ifike haraka. Walikuwa wamebaki wachache wa kualikwa, halafu ni ule mlango."

Mugo alikuwa mlangoni akiuliza kwa nini ninalia. Nilimwambia gemu yake ni nzuri kuliko yetu, na kweli ni nzuri. Picha zake hazina ukungu, na kila neno linasomeka. Sisi hatukusoma neno hata moja, lakini hapo sakafuni kulikuwa na mtoto mmoja aliyejua mwisho, akakaa nao peke yake ili nyanya yangu afurahi.