Mgonjwa Asiyejuliwa Hali

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa funguo kabla sijapewa kiti. Ilikuwa wodi ya wagonjwa wa akili, mkoani, na mimi binti mbichi kutoka chuo cha uuguzi, viatu vyeupe vinanibana vidole. Matroni, yaani mkuu wa wauguzi, alikuwa mama mnene mwenye sauti ndogo. Alinitazama ninavyozichezesha zile funguo akasema, "Binti, acha. Kila zikilia, mtu mle ndani anakumbuka kwamba amefungiwa." Tangu hapo nilizifunga kwenye leso.

Yule mama ndiye aliyenifundisha kazi. Alitaka kila mgonjwa aitwe kwa jina lake, si "yule wa kitanda cha dirishani". Na mimi alinisema sana kwa mdomo wangu. "Unaongea kama redio," aliniambia. "Mgonjwa atapenyeza wapi neno lake?" Bado naongea hivyo hivyo, mume wangu ni shahidi, lakini kazini nilijifunza kunyamaza.

Baadaye nikahamishiwa Dar es Salaam, kwenye kituo kimoja cha afya karibu na Kariakoo. Nilipangiwa ushauri nasaha kwa vijana wa rika la sekondari na wazazi wao. Watu wanadhani mnasihi kazi yake ni kutoa ushauri. Wapi! Ukimwona anashauri sana, ujue siku hiyo kachoka. Kazi yenyewe ni kuuliza, kusikiliza, na kuvumilia kimya cha mtoto wa miaka kumi na sita, na hicho si kitu kidogo.

Benchi letu la kusubiria tulichangia na kliniki ya meno. Sijui nani alipanga, lakini wazazi walishukuru. Mama anamleta mwanawe kwangu, akikutana na jirani koridoni anasema kaleta jino. Kuna watoto Kariakoo, ukiwasikiliza majirani zao, walitakiwa wawe vibogoyo kabisa.

Nasra naye aliletwa kwa jino. Alikuwa kidato cha tatu, mtoto mrefu, mkimya, mama yake kamshika mkono kama wanavuka barabara. Baba yake, Mzee Salum, aliuza vipuri vya magari mtaa wa Gerezani, mtu wa swala tano na mpole wa kupindukia. Binti alikuwa ameacha shule, ameacha kula, ameacha hata kusuka nywele. Daktari alisema ni sonona. Sonona ni ugonjwa, vijana wangu, si uvivu wala kudeka. Moyo unakuwa mzito, na mtu haonji utamu wa kitu chochote. Daktari akampa dawa, mimi nikawa nazungumza naye kila wiki. Akaanza kupata nafuu. Siku moja alilicheka wigi langu, nikafurahi kama nimepandishwa cheo.

Kisha akarudi chini, tena chini zaidi ya mwanzo. Aliingia chumbani kwangu akakaa ukingoni mwa kiti.

"Shikamoo, Sista."

"Marahaba, mwanangu. Mbona hivyo?"

Alikaa kimya muda mrefu, nami nikamwachia kimya chake.

"Bibi kateguka mguu," alisema hatimaye. "Mtaa mzima umekuja kumjulia hali. Machungwa hayana hata pa kuwekwa. Mimi wakanipeleka chumba cha uani, mama akafunga mlango kwa nje, ili wageni wasinione." Akaniangalia usoni. "Kwani mimi siumwi, Sista?"

Iliniuma sana. Nikamuuliza lile swali ambalo kazi yetu inatutaka tuliulize waziwazi: je, anawaza kuutoa uhai wake? Wengi wanaogopa kuliuliza, wakidhani watamtia mtu wazo. Humtii wazo, unamtua mzigo. Akatikisa kichwa kukubali. Alisema aliwaza hivyo mle chumbani, akisikia watu wanacheka na bibi yake sebuleni.

Sikumwacha peke yake hata dakika moja. Daktari alimwona papo hapo, akabadilisha dawa, akaagiza kwamba mchana na usiku awepo mtu wa kukaa naye. Wazazi wakaitwa. Mzee Salum alifika mikono bado ina grisi, na tayari alikuwa na mpango wake: binti apelekwe Tanga kwa shangazi yake, kimya kimya, mpaka apone.

"Kule hakuna anayemjua," alisema.

"Ndiyo tatizo lenyewe, Baba Nasra," nikamwambia. "Kule hakuna anayemjua, na dawa zake ziko huku."

Basi nani wa kukaa naye? Mchana baba yuko Gerezani, mama yuko kwenye duka lake la vitenge, bibi hawezi kusimama. Walihitaji majirani, na majirani walikuwa wanajua habari ya jino tu. Mganga Mfawidhi, yaani daktari msimamizi wa kituo, alikuwa ananijua. Alinisimamisha koridoni. "Sista, habari za huyu binti zikitoka mdomoni mwako, barua yako ya kufukuzwa naiandika mwenyewe."

"Siri ni ya mgonjwa, daktari," nikamjibu. "Nitamuuliza mwenye siri."

Nikaitisha kikao cha familia. Katika kikao cha namna hiyo wote wanakaa pamoja, na mtoto naye anapewa zamu ya kusema bila kukatizwa. Nikamuuliza Nasra, mbele ya baba yake, angependa nani ajue kwamba anaumwa.

"Waliokuja kwa bibi," alisema. "Bi Chiku na wenzake." Bi Chiku ni jirani yao wa mlango wa pili, mpika vitumbua.

"Haiwezekani," baba akasema. "Nani atakuja kumposa? Na wadogo zake je?"

"Mama yako alipoteguka mguu, ulimficha?"

"Mguu hauna aibu, Sista."

"Na huu ugonjwa nani kasema una aibu?"

"Mimi sijasema."

"Umemfungia mlango wageni walipokuja. Umesema, baba yangu."

Alijifuta uso kwa mkono wenye grisi, akabaki na doa jeusi shavuni, na mkewe akalifuta kwa ncha ya mtandio. Nilimhurumia. Alikuwa anampenda mwanawe kwa njia pekee aliyoijua, ya kumsitiri.

Mengine alinisimulia mwenyewe. Kesho yake dukani, mwenye duka la jirani alimuuliza kama jino la binti limepoa. Mzee Salum akaweka chini kikombe cha kahawa. "Hakuna jino," akasema. "Mwanangu anaumwa sonona. Anatibiwa, lakini hali yake si nzuri." Yule bwana akauliza, "Sasa mbona hukutuambia? Wake zetu wangekuja kumwona."

Habari ikafika mtaani kwao, na walikuja. Alasiri hiyo mimi nilikuwa kwao, maana kumtembelea mgonjwa nyumbani ni sehemu ya kazi. Bi Chiku alipiga hodi, akaingia na wanawake watatu na mfuko wa machungwa. Nasra alikuwa kaketi sebuleni, safari hii mlango wazi.

"Pole, mwanangu," Bi Chiku akasema. "Tumesikia unaumwa. Jino gani haliishi, nilikuwa nashangaa."

Hakuna aliyehubiri. Mmoja alimenya chungwa akampa Nasra, na Nasra akala. Wakazungumza habari za harusi moja ya Ilala ambako pilau halikutosha.

Sitawadanganya, si wote waliokuja. Wapo waliosema ni jini, na yupo mama aliyemkataza binti yake kukanyaga pale. Na ugonjwa haukuondoka siku ile. Nasra alirudi shule mwaka uliofuata, akateleza, akatibiwa tena, akamaliza.

Sasa nimestaafu, nakaa Kigamboni, nafuga kuku wasiotaga. Wauguzi vijana wanavuka kwa kivuko cha Magogoni kuja kunisalimia, na kila mara wananiuliza nilikuwa najuaje kwamba mgonjwa wa namna ile ameanza kugeuka kuelekea nafuu. Vitabuni dalili zimeandikwa, nao wamezisoma kuliko mimi. Mimi huwasimulia alasiri ile, wageni walipokwisha kuaga. Nasra alibaki na maganda ya machungwa mapajani, akitazama mlangoni.

"Sista," aliniuliza, "kesho watakuja tena?"

Nilimwita mama yake akae naye, nikatoka mbio na gauni langu jeupe la kazi, watu wa Kariakoo wananishangaa, mpaka nikamkamata Bi Chiku mkono pale kona.

"Kesho mje tena," nikamwambia, pumzi zimenikata. "Hata bila machungwa."