Samaki Mnene wa Mwalimu Tabitha

Juma lililopita nilikuwa kwa daktari wa meno, shavu limevimba, nikingoja kuitwa. Kwenye kona ya kile chumba kulikuwa na tangi la kioo lenye samaki wadogo wa rangi rangi. Msichana wa mapokezi akaja na kopo, akalifungua, akawanyunyizia chakula. Harufu ikanifikia pale nilipokaa, harufu ya dagaa wa omena waliokauka ikichanganyika na vumbi la majani makavu. Nilisahau jino. Ghafla nilikuwa na miaka kumi tena, niko mjini kwetu Sultan Hamud mwezi wa Agosti, nimepiga magoti mbele ya kioo na moyo unanidunda kama wa mtu aliyefumaniwa.

Mwalimu Tabitha ndiye aliyetufundisha sayansi darasa la nne. Alikuwa mwanamke mrefu, mkali wa macho lakini si wa kiboko, na aliishi peke yake katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kanisa letu. Sebuleni alikuwa na kitu ambacho hakuna mwingine mjini aliyekuwa nacho: tangi la kioo lenye samaki watano. Kaka yake aliyefanya kazi hotelini Mombasa ndiye aliyemletea. Sasa mjue kwamba siku zile watu wetu wengi hata kula samaki hawakupenda, sembuse kumfuga ndani ya nyumba. Mama aliposikia habari zake aliuliza swali moja tu.

“Na akishawalisha, wao wanamfanyia nini?”

Shule zilipofungwa, Mwalimu akaamua kwenda Mombasa kwa kaka yake karibu majuma matatu. Akatafuta mtu wa kumwachia samaki. Akanichagua mimi, Mwende, kwa sababu, alivyosema mbele ya darasa zima, nilikuwa mtoto asiye na papara. Nilitembea hadi nyumbani nikiwa nimeshikilia sifa ile kama sahani iliyojaa uji, naogopa kuimwaga.

Tuliwasafirisha asubuhi kwa wilibaro. Mwalimu alikuwa amepunguza maji hadi nusu, akalifunika tangi kwa leso, akasukuma yeye mwenyewe huku mimi nikitembea kando nimeweka mkono juu ya kioo. Tulivuka reli. Tukapita mbele ya maduka, na madereva wa malori waliokuwa wakinywa chai wakanyanyuka kuchungulia. Mmoja akauliza kama wale ni wa kukaanga. Mwalimu akazidi kusukuma. Mimi nilimkazia macho mpaka akarudi kwenye chai yake.

Mwalimu alituachia masharti machache. Chakula mara moja kwa siku, kiasi cha chumvi unayoweza kushika kwa vidole viwili, basi. “Wakikosa kula siku moja hawafi,” aliniambia. “Wakivimbiwa ndio wanakufa.” Maji ya kuongeza yawe ya mvua, yasiwe ya bomba, kwa sababu ya bomba yalikuwa na chumvi. Hapo Mama aliguna. Mvua ilikuwa imetusahau mwaka huo, na tangi letu la mvua lilikuwa na kufuli, na ufunguo wa kufuli ulining'inia shingoni mwa Mama mchana kutwa. Kila kikombe kilikuwa na kazi yake. Maji ya kuoshea mboga yaliosha vyombo, yaliyoosha vyombo yakaenda kwa migomba.

“Kikombe kimoja kwa siku,” Mama alisema. “Zaidi ya hapo, wahamie kwa Mwalimu wao.”

Tangi liliwekwa juu ya meza ndogo sebuleni, karibu na dirisha, na karibu na dirisha ndipo alipokaa Susu.

Susu alikuwa nyanya yangu, mama yake baba. Alikuwa ameletwa kwetu kutoka Kilungu mwezi wa tatu, baada ya kumzika babu. Baba alifanya kazi Voi na alifika nyumbani mwisho wa mwezi tu, kwa hiyo tuliobaki naye ni Mama na mimi. Alikaa kwenye kigoda chake tangu chai ya asubuhi hadi jua lilipotua, leso mabegani, mikono mapajani. Ukimsalimia aliitikia. Ukimwekea chakula alikula vijiko vitatu, akasukuma sahani. Mimi sikuona ajabu. Nilidhani uzee ndivyo ulivyo, kwamba mtu akishafikisha umri fulani maneno humwishia.

Siku tatu za kwanza nilikuwa mtu wa maana mtaani. Watoto walipanga foleni nje ya dirisha na mimi nikawa mwalimu wao. Huyu mwenye mkia kama leso ya harusi ni dume. Hawa wanne wa kijivu ni majike. Wanaitwa gapi. Hapana, hawaumi. Nilishika chakula kwa vidole viwili, nikakinyunyiza taratibu kama anayetia chumvi kwenye yai, na watoto wote wakashusha pumzi pamoja samaki walipopanda juu kukidaka. Kando yangu Susu alitazama ukuta.

Siku ya nne, jike mnene kuliko wote hakuja kula. Alikuwa amejibana kwenye kona, chini, tumbo lake limekuwa la mraba karibu, na sehemu nyeusi karibu na mkia imezidi kuwa nyeusi. Nilijua mara moja nilichokuwa nimefanya. Jana yake, ili kuwafurahisha watoto wa jirani, niliwalisha mara mbili. Na juzi pia. Nilianza kulia bila sauti, kisha kwa sauti.

“Nimemuua, Susu. Nimemvimbisha.”

Nilimwambia tu kwa kuwa hakukuwa na mwingine pale. Mama alikuwa ameenda kuchota maji. Sikutarajia jibu. Lakini nilisikia kigoda kikikwaruza sakafu. Susu alisimama, akaja, akainama mpaka pua yake ikakaribia kioo. Alitazama kwa muda mrefu. Pumzi yake ikatia ukungu kwenye kioo, akaupangusa kwa ncha ya leso.

“Huyu si mgonjwa,” alisema. “Huyu anazaa.”

Nilipangusa kamasi na kumrekebisha kwa heshima zote. Samaki hutaga mayai. Mwalimu Tabitha alitufundisha hivyo na mimi niliandika kwenye mtihani nikapata vema.

“Mwalimu wako amezalisha wangapi?” Susu aliuliza. “Mimi nimezalisha mbuzi tangu nikiwa kama wewe. Mbuzi akitaka kuzaa hujitenga hivi hivi, na jicho lake huwa hivi hivi. Nyamaza uangalie.”

Nikanyamaza. Tukaangalia, vichwa vyetu vikigusana. Na kweli, chini ya mkia wa yule jike kikatokea kitu kama chembe ya mtama, kimejikunja. Kikadondoka, kikazama kidogo, kikajikunjua, na kikawa na macho mawili! Kikaogelea! Nilipiga kelele iliyomfanya kuku akimbie uani. Kisha kikatoka cha pili. Yule dume wa leso ya harusi akageuka, akaja mbio, akafungua mdomo, na kile cha pili hakikuwepo tena.

“Aiya! Anawala!” Susu alipiga mkono kwenye meza. “Mwende! Leta chujio! Leta bakuli!”

“Chujio la chai, Susu?”

“Hata la chai! Kimbia, mtoto, watakwisha!”

Nikakimbia. Susu akakunja mikono ya gauni hadi kwenye viwiko, akatumbukiza chujio la chai la Mama ndani ya tangi. Alikuwa na mkono mwepesi ajabu. Kila kitoto kilipodondoka, chujio lilikuwa chini yake likisubiri, nami nikalipokea na kukipindulia kwenye bakuli la uji lenye maji. Mimi nilikuwa mlinzi pia: nilisimama upande wa pili nikiwatisha wale wakubwa kwa mwiko. “Kushoto!” Susu alinifokea. “Kushoto, huoni anakuja? Mpige huyo baba mjinga!” Tulilowa hadi kifuani. Sakafu iliteleza. Tulicheka na kugombana kwa wakati mmoja.

Hapo ndipo Mama alipoingia, mtungi mgongoni, kamba kwenye kipaji cha uso kama wanavyobeba wanawake wa kwetu. Alisimama mlangoni. Aliona maji sakafuni, aliona chujio lake, aliona mwiko wa ugali ukiwa ndani ya tangi la samaki. Nilijikunja nikingoja kofi.

“Wewe unasimama tu hapo?” Susu alimwambia bila kugeuka. “Bakuli limejaa. Lete kitu kikubwa, na maji ya mvua.”

Mama alitua mtungi, akavua ufunguo shingoni, akatoka. Akarudi na beseni kubwa la bluu tulilofulia, lina maji ya mvua karibu nusu. Nusu beseni! Nilimwangalia usoni nione kama ni mgonjwa. Macho yake yalikuwa na maji, nikafikiri ni jasho la njiani.

Kuokoa ilikuwa kazi nyepesi. Kulisha ndiko kulikotutoa jasho. Vinywa vyao vilikuwa vidogo kuliko tundu la sindano, na chakula cha kopo kilielea juu yao kama paa la nyumba. Susu alisema mtoto yeyote mchanga hunywa maziwa. Nilimwambia samaki hawanyonyi. Akasema matone mawili hayamdhuru mtu, akayatia. Asubuhi iliyofuata beseni lilikuwa na ukungu mweupe, lilianza kunuka, na watoto sita walikuwa wamelala chini bila kutikisika.

Nililia tena. Susu aliwaopoa mmoja mmoja kwa kijiko, akawaweka kwenye jani la mgomba, akatoka kuwazika. Aliporudi alinitazama sawasawa.

“Nimekosa mimi,” alisema. “Si wewe.”

Sikuwahi kumsikia mtu mzima akisema hivyo kwa mtoto. Nililia zaidi, kwa sababu nyingine.

Baada ya chai, ambayo aliimaliza, akafunga leso kiunoni na kuuliza silanga iko wapi, lile bwawa la kunyweshea ng'ombe. Tangu aje kwetu hakuwa amevuka lango. Niliongoza njia, halafu hatua mia hazijaisha akawa ananiongoza yeye, nami nakimbia kumfikia. Maji ya silanga yalikuwa yamepungua hadi katikati, kijani kibichi, yananuka mavi ya ng'ombe. Susu aliyachota kwa chupa, akaiinua juani. Ndani mlikuwa na vidudu vidogo mno, vikirukaruka kama vumbi lililo hai.

“Hiki ndicho wanachokula watoto wa maji,” alisema. “Nani huwapelekea watoto wa silanga chakula cha kopo?”

Tuliporudi nyumbani tuliwamiminia vijiko viwili. Mimi nilifumba macho. “Fungua,” alisema Susu, “wanakula.” Na walikuwa wanakula! Walishtuka, wakarudi nyuma, wakaruka mbele, kila mmoja akiwinda kama simba wa Tsavo. Jioni Mama alichemsha yai bila kuombwa, yai zima, akakamua punje ya kiini kupitia kitambaa. Kiini kilichobaki akampa Susu pamoja na ugali, na Susu akala huku akitupa maagizo. Paka asiingie. Beseni lisogezwe, jua linawachoma. Maji yabadilishwe kwa kikombe, siyo kwa kumwaga, na yaliyotoka yapewe migomba. Nyumba nzima ilienda kwa amri yake. Mchana alinisimulia majina ya mbuzi wake wote, na tabia ya kila mmoja, na ugomvi wake na babu kuhusu beberu mmoja mwenye kiburi.

Mwalimu Tabitha aliporudi alikuta watoto kumi na tisa wenye mikia. Aliketi. Alitazama beseni, akatutazama, akatazama beseni.

“Kumbe,” alisema polepole. “Huyu jike amekuwa akinenepa na kukonda tangu mwaka jana. Nilidhani anabagua chakula.”

“Walikuwa wanaliwa, Mwalimu,” Susu alimwambia. “Wewe ulikuwa shuleni.”

Mwalimu alicheka mpaka akavua miwani. Alimpa Susu wanne awe nao, kwenye chupa ya jemu. Mwezi wa tisa Susu akarudi Kilungu. Baba alikuja kumchukua, na kitu cha kwanza Susu alichomuuliza kilikuwa kama yule beberu bado anapiga watu pembe.

Kwa miaka mingi nilisimulia kisa hiki kama changu: jinsi mimi, mtoto asiye na papara, nilivyolea samaki kumi na tisa. Nilipokuwa na watoto wangu mwenyewe nilikisimulia tena, siku moja tunachambua mbaazi na Mama, Susu akiwa ameshatutoka. Nikamuuliza kwa nini, mwaka ule wa kiangazi, alitutolea maji yote yale. Samaki walikuwa wamempendeza kiasi hicho?

Mama aliacha mbaazi.

“Samaki gani?” alisema. “Mimi niliwaangalia samaki saa ngapi? Miezi mitano, Mwende, mama ya mtu anakufa sebuleni kwangu akiwa amekaa. Kila nikirudi na maji nasimama kwanza nje ya mlango, naogopa kuingia. Siku hiyo nikasikia kelele. Nikaingia nikakuta ni yeye, amelowa, ananituma.” Alichukua ganda jingine, akalipasua kwa kidole gumba. “Angetaka tangi zima ningemfungulia.”