Leo Sianguki, Mtani

Baba yangu mdogo Maximilian ni mtu wa kuanguka. Watu wa Michenga mpaka Kibaoni wanamjua kwa kuanguka kuliko kwa mpunga anaolima. Ukifiwa, na ukoo wako ukawa watani wa ukoo wetu, utamwona anaingia msibani na benchi begani. Atageuka kumsalimia mtu wa kulia, benchi litamkumba wa kushoto. Atageuka kumpa pole wa kushoto, benchi litaondoka na kofia ya katekista. Mwisho atakalia beseni la maji, miguu juu, uso mkavu kabisa. Waliokuwa wanalia watajikuta wanacheka, kisha watalia tena, lakini safari hii kwa nafuu.

Wageni huwa wananiuliza, hivi huyu mzee hana adabu? Nawajibu adabu anayo, ninyi ndio hamna watani. Kwetu mfiwa haachwi azame. Mtani ndiye anayechimba kaburi, anayemwigiza marehemu, anayedai kuku kabla jeneza halijatoka ndani, na anayehakikisha mfiwa amefungua mdomo. Acheke au alie, shauri yake, mradi aufungue.

Mieleka hiyo hakuirithi kwa babu. Aliipata kwenye picha za kimya, zile za zamani zisizo na rangi wala sauti, alizoziona utotoni zikioneshwa kwenye shuka misheni. Uzeeni zikamrudia. Akaenda Kibaoni kwa vijana wanaoingiza nyimbo na filamu kwenye memori kadi, akawaomba wamtafutie. Kijana mmoja akampatia, akazijaribu, hakusikia kitu. "Mzee, shikamoo, lakini simu yako spika imekufa," akasema, na kabla mwenyewe hajajibu alikwisha kuifungua kwa bisibisi. Ilibidi baba mdogo aape kwa Bikira Maria kwamba hivyo ndivyo zilivyo.

Alizitazama barazani kwa Mzee Egidius, mtani wake wa kufa na kuzikana. Nami nilikaa nyuma yao nikichambua mchele, nikipewa masomo nisiyoyaomba. Zile ambazo kundi zima linarushiana unga na kukimbizwa na polisi, baba mdogo alisema ni za kuchangamsha macho tu. "Paulina, ukitaka kuzijua hizi picha, tafuta ya mtu mmoja na kitu kimoja. Mtu na ngazi. Mtu na kitanda cha kukunja. Mtu na punda mkaidi. Na usimtazame usoni, mtazame miguu." Halafu kanuni zake. Anayeanguka hasemi. Anayeanguka hacheki. Na lazima ainuke, maana asipoinuka hiyo si komedi tena, ni ajali.

Sauti aliiweka Mzee Egidius. Kila mtu alipobwaga mgongo kwenye kioo kile kidogo, yeye alipiga, "Puu!" mpaka kuku wakakimbia. Alikuwa na kicheko cha kukohoa, cha mtu aliyefiwa na mke zamani na kubaki na binti mmoja tu, Rosemery, mwalimu wa shule ya msingi kule Mlimba. Rosemery ndiye aliyekuwa akimpigia kila jioni kumwuliza, "Baba, umekula?"

Masika haya Rosemery alipanda bodaboda akiwahi treni aje nyumbani. Pikipiki ikateleza kwenye tope. Dereva aliinuka. Rosemery hakuinuka.

Mwili ulipofika Michenga, Mzee Egidius aliketi kwenye mkeka karibu na jeneza, akasema sentensi moja: "Mkichimba, chimbeni pana, na mimi nimo." Basi. Hakulia, hakula, hakunywa hata maji. Tulidhani ni maneno ya uchungu, lakini wazee walitazamana. Baba yake mzazi naye alikaa hivyohivyo alipofiwa na mkewe, midomo imefungwa, na arobaini ya mkewe hakuifikia. Tulikuwa na msiba mmoja na wa pili umeketi pale mbele yetu.

Kila mtu akauliza, Maximilian yuko wapi?

Alikuja. Lile benchi aliliegemeza kwenye mti wa nje, akaingia mikono mitupu. Nilikuwa karibu, nimeshika kikombe cha uji, nikamsikia akiinama na kunong'ona: "Leo sianguki, mtani. Mtoto kaondoka kwa kuanguka. Mimi siwezi kuanguka mbele yako."

Sasa shida ni kwamba baba yangu mdogo hana mdomo. Mungu alimpa miguu, maneno akamnyima. Alijifunga kitenge cha Rosemery, akashika chaki, akajifanya mwalimu: "Egidius! Simama! Mbona hujanywa uji?" Hakuna aliyecheka. Akajaribu kuimba, akasahau wimbo. Akadai kuku, akapewa kuku, akabaki amemshika tu asijue amfanye nini. Mwisho alichukua kikombe changu, akakisogeza kwenye midomo ya rafiki yake. Midomo haikufunguka. Uji ulimmwagikia kidevuni, ukashuka kwenye shati, na mzee akauacha ushuke.

Baba mdogo alinifuata jikoni, analia wazi kama mtoto. "Paulina, anakufa huyu. Namwona anakufa, na mimi ndiye mtani. Nifanye nini?"

"Anguka," nikamwambia. Nilikuwa na hasira, na niliogopa.

"Nimemwahidi."

"Basi mzike na yeye!"

Alijifuta uso kwa kile kitenge, akaenda kuwasaidia watani wenzake makaburini.

Udongo wetu wa bondeni wakati wa masika haushiki ukingo. Kaburi lilikuwa linavuja maji, watani wanayachota kwa ndoo, wakati sisi tunafika na jeneza na katekista anaanzisha sala. Mzee Egidius tulimshika mikono huku na huku, anaburuza miguu. Baba mdogo alikuwa ukingoni, amepokea ndoo iliyojaa tope. Akageuka kutafuta pa kuimwaga. Ukingo ukakatika. Alikwenda chini mgongo mbele, mikono imekumbatia hewa, na ndoo ikamfuata, ikamvaa kichwani mpaka mabegani.

Msiba mzima ulipasuka kwa kicheko.

Sijawahi kusikia kicheko kama kile. Kilitoka kwa watu waliokuwa wamebanwa kifua tangu mwili ulipofika. Wanawake walishikana. Katekista aligeukia upande, mabega yanamtikisika. Mle shimoni baba mdogo aliketi na ndoo yake kichwani, hasemi, hajitikisi, na kadiri alivyonyamaza ndivyo watu walivyozidi kucheka, maana ndivyo alivyowazoesha. Nami nilicheka. Nilisema moyoni, ahsante Mungu, amevunja ahadi.

"Nyamazeni!"

Ilikuwa sauti ya Mzee Egidius, imekauka kama mlango wa ghala. Alijikwanyua mikononi mwetu. "Nyamazeni! Kaniambia leo haanguki! Hajainuka, hamwoni? Hajainuka!"

Na kabla hatujamzuia alishuka kaburini kwa mwanawe, na nguo zake za msiba, akapiga magoti kwenye maji. Aliitoa ile ndoo. Baba mdogo alikuwa ameuma meno, uso wa jivu, mguu umekunjika chini yake kwa namna ambayo mguu haukunjiki.

"Inuka, mtani," Mzee Egidius alisema.

"Siwezi."

"Inuka bwana. Wewe huwa unainuka."

"Siwezi, mtani. Nisamehe."

Mzee Egidius alimkumbatia kichwa, akakibana kifuani. "Inuka," akasema tena, akarudia, na sijui ni katika kurudia kupi sauti ilipogeuka. "Inuka. Inuka, Rose. Inuka mama, twende nyumbani." Kisha mdomo ukafunguka wote, na kilio kikatoka ambacho watu wa ng'ambo ya mto huenda walikisikia. Hakuna aliyecheka tena siku ile.

Baba mdogo alivunjika nyonga. Hospitalini Mzee Egidius alimpelekea uji, na mgonjwa alifunga midomo mpaka mleta uji anywe kwanza. Ndivyo walivyolishana, vizee viwili vikaidi. Siku hizi baba mdogo anatembea kwa magongo, na daktari amesema hataanguka tena kwa kupenda. Misiba ya watani wetu imekuwa kimya. Mimi kimya hicho kinaniuma kuliko anavyojua.

Picha bado wanazitazama barazani. Mzee Egidius hapigi tena "Puu!" Mtu akianguka kwenye kioo, anashika mkono wa baba mdogo na kusubiri.

Juzi nilikuwa nawatengea chakula, simu ikazimika kwa kuishiwa chaji. Yule mtu wa kwenye picha alikuwa ametoka kuporomoka na ngazi yake, yuko chini. Mzee Egidius alisimama. "Washa, Paulina. Washa, hajainuka." Nikamwambia ale kwanza. Alisukuma sahani pembeni, akafunga midomo vilevile kama siku ile. Niliikimbiza simu kwa jirani mwenye sola, nikasimama pale naihimiza kama ng'ombe, na niliporudi nilimkuta mlangoni, hajakaa, baba mdogo naye kamshika shati kwa nyuma. Nikaiwasha. Yule mtu akajitikisa, akaokota kofia yake, akainuka.

"Kainuka," Mzee Egidius akasema. Ndipo akanawa mikono.