Chai Baada ya Chuma

Juzi nilifungua mafunzo ya mtandaoni kwenye simu, ya kumwondoa ndama pembe bila kumtesa. Nilianza kwa kiburi. Mimi, niliyechoma pembe za ndama kwa chuma cha moto kutoka Thika hadi Ruiru miaka ya tisini, nifundishwe nini na msichana wa kwenye video? Akasema ukishadunga ganzi, ungoje dakika kumi, halafu uguse ngozi kwa sindano uone kama ndama atashtuka. Nikazima simu. Nilikuwa nimemkumbuka mama mmoja wa Kiuu.

Alikuwa mjane, na alikuwa amemlea ndama wake kwa chupa baada ya ng'ombe aliyemzaa kufa. Ndama alimfuata mpaka jikoni.

"Huyu ndiye ng'ombe wangu wa uzeeni, daktari," aliniambia. "Usimwumize, tafadhali."

"Mama, wacha wasiwasi. Nina dawa ya ganzi. Hatasikia kitu."

Siku hizo wengi wetu tulichoma bila ganzi, nami niliringa na kachupa kangu kama nimekatengeneza mwenyewe. Chuma kilikuwa kishakuwa chekundu kwenye jiko. Ndani, chai ilikuwa mezani, na kwetu hutoki bomani kwa mtu bila chai. Nikafikiri: nikidunga, ninawe, ninywe, nirudi kuchoma, nitanawa mara mbili. Ujinga mtupu! Nikadunga, nikachoma papo hapo.

Mama ndiye alikuwa ameshika kichwa. Ndivyo tulivyofanya, mwenye ng'ombe anashika kwa sababu ng'ombe anamjua. Ngai! Huyo ndama alilia mpaka jirani akachungulia juu ya ua. Mama naye amemkumbatia shingo, anamwambia pole, pole.

"Daktari, kwani ganzi haijashika?"

"Imeshika, mama. Huo ni woga tu."

Nilidanganya, na nilijua ninadanganya. Kisha nikanawa mikono, nikaketi, nikanywa vikombe viwili polepole. Ganzi ilishika nikiwa kwenye kikombe cha pili.

Niliporudi baadaye kumwangalia, ndama alikuwa mzima, vidonda vimekauka. Mama akanyoosha mkono, ndama akarudi nyuma mpaka ukutani. Hata alipokua akazaa, alimkataa mama asimkamue. Jirani alimkamua bila shida, lakini mama akikaribia tu, anarusha teke. Mwishowe mama akamuuza.

Nilipita kwake wiki hiyo. Zizi lilikuwa limefagiliwa. Alinikaribisha vizuri kama kawaida, akanimiminia chai, halafu akaitazama mikono yake.

"Nimefikiri sana, daktari. Labda siku ile nilimshika vibaya."

Ningeweza kumwambia. Tulikuwa wawili tu, na alikuwa akiningoja niseme kitu.

"Labda, mama," nikamjibu, nikanywa chai yake.