Jaji wa Mfalme na Kiti Changu cha Mapokezi

Kitabu chenyewe nilikiokota kwenye chumba cha taka cha jengo tulilokuwa tukililinda pale Jumeirah Lakes Towers, Dubai. Mpangaji mmoja Mwingereza alikuwa amehama, akaacha maboksi mawili ya vitabu kando ya mapipa. Nilichagua kimoja kwa sababu ya jalada: mzee mwenye joho jekundu na kola nyeupe, macho yake kama ya mwalimu wetu mkuu wa sekondari siku ya kusoma majina ya waliofeli.

Kilikuwa kisa cha jaji mmoja wa Uingereza ya karne ya kumi na saba, mtu wa mfalme, wa yule mfalme aliyekuja kukatwa kichwa na watu wake mwenyewe. Jina lake sitaliandika, wala la mtu mwingine yeyote humu. Anayestahili kuaibishwa ni mmoja tu, na ndiye anayeandika.

Nilikisoma kwenye dawati la mapokezi, kurasa mbili tatu kati ya mgeni na mgeni. Kiingereza changu ni cha kidato cha nne, na kilikuwa kimeshapitia Mombasa, Juba na Doha kabla ya kufika Dubai, kwa hiyo nilikwenda polepole. Nilimpenda yule mzee. Alikuwa mwanasheria mwenye bidii aliyepanda ngazi mpaka akawa wakili wa mfalme. Kisha mabwana kadhaa wakakataa kumkopesha mfalme kwa lazima, wakatiwa ndani. Walipouliza wamefungwa kwa kosa gani, wakili yule akasimama mahakamani akasema mfalme halazimiki kutaja sababu. Yatosha kuamini kwamba anayo. Miaka michache baadaye mfalme akamkalisha kwenye kiti cha jaji mkuu wa moja ya mahakama zake.

Hapo nikakunja pembe ya ukurasa.

Tulikuwa wanaume wanane kwenye nyumba moja International City, walinzi wa kampuni moja, Wakenya wa bara isipokuwa mmoja aliyetoka Singida. Ijumaa, ambayo kule ndiyo siku ya mapumziko na ya ibada hata kwa Wakristo, waliokuwa hawana zamu wakisharudi kanisani na kabla sufuria haijawekwa jikoni, tulikuwa na mahakama. Ilianza kama mchezo wa kuzuia ngumi kwa sababu ya zamu za bafu. Mimi ndiye niliyekuwa jaji, kwa kuwa nilionekana na kitabu kila siku. Walinifunika taulo jeupe kichwani badala ya nywele za bandia, nikakalia ndoo iliyopinduliwa. Nani amemaliza unga wa mwenzake? Nani ametundika soksi mbichi juu ya kitanda cha mtu? Adhabu ilikuwa kuosha vyombo wiki nzima, na aliyehukumiwa alicheka pamoja nasi.

Supavaiza wetu alilala chumba cha peke yake katika nyumba hiyohiyo. Tulitoka kaunti moja, na ndiye aliyenitoa kwenye lango la nje, kwenye jua la Agosti linalochemsha hata buti, akaniweka mapokezi kwenye kiti na hewa baridi. Alikuwa akisimama mlangoni na kikombe chake cha chai, akitazama mahakama yetu na kutabasamu.

Ijumaa moja aliingia na karatasi. Ilikuwa barua kwa arbab, mwenye kampuni, kuomba yule wa Singida aondolewe kazini kwa sababu za usalama. Alitaka sote tutie sahihi, ili arbab aone kwamba wenzake wenyewe wamekubali. Kuondolewa kazini maana yake ilikuwa viza kufutwa na kurudi nyumbani. Kijana alikuwa na miezi minane tu Dubai.

"Kesi iko mbele yako, Jaji," supavaiza akasema. "Fanya kama kawaida."

"Mheshimiwa, funga hii kesi haraka," mmoja akadakia. "Njaa haina wakili."

Watu wakacheka. Wa Singida hakucheka. Alisimama katikati ya vitanda, mikono nyuma, kama yuko gwaride.

"Kaka mkubwa," akaniambia, "mimi naomba jambo moja. Nitajiwe kosa langu. Nikishalijua, hukumu yoyote nitapokea."

Kosa lake nililijua. Jumanne ya wiki ile, nikiwa kwenye kiti changu, mlango wa kioo ukiwa umeachwa wazi, nilimsikia supavaiza akimwita aache lango akamwoshee gari lake kule chini ya jengo. Tulikuwa tukiliosha kwa zamu, hata mimi. Yeye alisema, kwa adabu kabisa, "Samahani, sir, siwezi kuacha lango bila mtu." Basi. Hakuna lingine. Na shahidi alikuwa mmoja, naye amevaa taulo.

Supavaiza alinitazama juu ya kikombe chake. Nikakiona kiti changu. Nikaliona jua.

Sikusema tu kwamba ana hatia. Laiti ningeishia hapo. Nilikohoa, nikasema kwamba katika sheria za Waingereza, ambazo ndizo mama wa sheria zetu, mkubwa halazimiki kutaja sababu. Akishasema kuna sababu, kazi ya walio chini ni kuamini kwamba ipo. Nikaeleza habari za mfalme na mabwana waliofungwa. Nilisema vizuri. Sijawahi kusema vizuri vile maishani mwangu.

"Aisee, huyu jamaa amesoma!" mmoja akasema. Mwingine akapiga makofi. Kalamu ikazunguka, na sahihi yangu ikawa ya kwanza.

Wa Singida aliniuliza swali moja tu. "Na yule aliyesema hayo, kaka, mwisho wake ulikuwaje?"

"Alipewa ujaji mkuu," nikamjibu. Hapo ndipo nilipokuwa nimefika kitabuni.

Aliondoka baada ya siku kumi. Blanketi lake alilikunja vizuri akaliacha kitandani kwa atakayefuata. Mimi nikarudi kwenye kiti changu na kufungua ukurasa niliokuwa nimeukunja.

Mfalme alimwachisha kazi jaji yule. Naye hakununa, alirudi kuvaa joho la wakili wa kawaida, akaendelea kumheshimu mfalme. Vita vilipotokea kati ya mfalme na bunge, wengine walitazama upepo. Yeye alimfuata mfalme wake, akarudishiwa ujaji wakati ambao ujaji huo haukuwa na faida tena. Bunge likamnyang'anya mashamba. Mwishowe akakimbilia ng'ambo ya mlango wa bahari, akafia ugenini, miezi michache baada ya mfalme kukatwa kichwa.

Nilitaka kumlaumu, nikashindwa. Maneno yale niliyoyaazima, yeye aliyaamini na kuyafuata mpaka yakammaliza. Mimi sikuyaamini hata nilipokuwa nayasema.

Sikumaliza mwaka pale. Nimezoea kuhama, na safari hii nilijidanganya kwamba ni mazoea tu. Sasa nalinda nyumba za wageni Hatta, milimani, ambako asubuhi kuna baridi inayonikumbusha kwetu. Mwezi uliopita, nikiwa lango la nje kwa hiari yangu, nilimpigia wa Singida. Namba yake nilikuwa nayo muda wote.

Tulijuliana hali. Kisha nikamwambia kwamba ile Jumanne nilisikia kila kitu.

"Najua, kaka. Si nilikuona? Ulikuwa umeinamia kitabu chako, lakini hufunui ukurasa."

Nikahamishia simu sikio la pili.

"Ulikimaliza?" akauliza.

Nikamweleza mwisho wa jaji, mpaka kaburi la ugenini.

"Kumbe alimpenda kweli mfalme wake," akasema.

"Ndiyo."

"Na wewe, kaka, supavaiza ulimpenda?"

"Hapana. Nilipenda kiti."

"Haya." Nyuma yake nilisikia mashine ikinguruma. "Hilo ungelisema ile Ijumaa, mbona lingetosha."

Akaniambia ana watu wanamsubiri na alizeti yao ya kukamua, akanitakia kazi njema, akakata. Neno samahani, nililokuwa nimempigia simu ili nilitamke, nilikuwa bado nalo mdomoni. Gari la wageni likapiga honi, nikaenda kufungua lango.