Wajumbe Tisa Ukumbini

Kwa miaka ishirini na miwili jirani yangu Saerah alimimina chai katika chumba cha mapumziko cha bunge la jimbo letu, na hakuwahi kukanyaga ukumbi wa mjadala. Alisikiliza tu kupitia spika ya ukutani. Kwa kusikiliza huko alizijua kanuni kuliko baadhi ya wajumbe.

Siku ya hoja ya kufunga shule yetu ya Lubuk Nangka nilikaa kwenye roshani ya wageni. Shule nyingine iko ng'ambo ya mto. Mwanangu Suraya ana miaka saba, na hajui kuogelea.

Ya kule chumba cha mapumziko alinisimulia baadaye Saerah mwenyewe. Wajumbe ni thelathini na sita, akidi, idadi ya chini ya kupitisha hoja, ni kumi na wawili. Aliowaandalia laksa, tambi za supu ya viungo, walikuwa ishirini na saba. Akamwendea mjumbe wetu, Kamarul.

"Mheshimiwa, humo ndani wamebaki tisa. Hawawezi kupitisha kitu. Nenda ukaseme."

"Kwani mwenyekiti wa kikao haoni?"

"Anaona. Lakini mpaka mjumbe aseme, wanahesabika wametosha. Si kanuni zenu hizo?"

Kamarul akapuliza supu yake. "Dada Saerah, fikiri basi. Nikipinga, chama kinanifukuza. Nikiunga mkono, nyinyi mnaninyima kura. Nikiwa hapa nakula, nani atasema nilifanya lipi?"

"Nitasema mimi."

"Wewe?" Meza nzima ikaangua kicheko. "Haya, ongeza chai, mheshimiwa wa jikoni!"

Saerah akaitua birika.

Nikiwa juu roshani nikaona mlango unafunguka, Saerah huyo na aproni yake. Nikajiziba mdomo.

"Mko tisa!" akasema. "Jihesabuni!"

Mwenyekiti akainua macho. Nilimwona akiwapitia mmoja mmoja, midomo ikicheza, mpaka wa mwisho. Kisha akasema, "Mama, anayesikika humu ni mjumbe tu. Walinzi, mtoeni. Wanaosema ndiyo?"

"Ndiyo!"

"Wanaosema hapana?"

Kimya.

"Hoja imepita."

Mpaka leo siamini. Alihesabu. Nilimwona kwa macho yangu akihesabu.

Saerah alifukuzwa kazi jioni ile ile. Sasa kila asubuhi humfunga Suraya jaketi la kuokolea maisha na kupanda naye mtumbwi. Mimi husimama gatini, siondoki, mpaka nione wote wawili wamekanyaga ng'ambo.